Kumwandaa kijana aongoze kikosi cha uhifadhi katika msitu wa kaya: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekabidhiwa kazi ya kulea viongozi wa vikosi vya vijana katika misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa Pwani ya Kenya, kutoka Kwale hadi Kilifi. Huenda wewe ni mwalimu, mwenyekiti wa kikundi cha kijamii, afisa wa mradi au mzee wa kaya mwenyewe. Kikosi ninachokizungumzia ni vijana wanane au kumi wa miaka 15 hadi 18 wanaofanya kazi za mikono msituni wakati wa likizo: kusafisha mpaka, kung'oa mimea vamizi, kuotesha na kupanda miti ya asili. Anayewaongoza ni kijana wa miaka 20 hadi 25 hivi, mzaliwa wa hapo hapo, pamoja na msaidizi mmoja.

Mafunzo mengi ya viongozi huanza ukumbini, kwa karatasi za ukutani na makundi ya majadiliano. Kijana anarudi kijijini anajua kueleza uongozi shirikishi ni nini, lakini hajui njia ipi ya kaya haipitwi. Mimi nashauri utaratibu mwingine: wazee kwanza, kisha msitu, kisha zana, na masomo ya uongozi yatoke ndani ya kazi yenyewe.

Hatua ya kwanza: nenda kwa wazee kabla hujamwita kijana hata mmoja

Kaya zilianzishwa kuanzia karne ya 16 kama vijiji vyenye ngome katikati ya msitu. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamehamia nje. Makaburi, fingo (hirizi za kuilinda kaya zilizofukiwa ardhini) na njia za kale vilibaki, na msitu ukabaki kwa sababu wazee walikataza kuukata. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2009 mila zake zikawekwa kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Kaya nyingi pia zimetangazwa rasmi kuwa kumbukumbu za taifa na ziko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kwa hiyo unahitaji ruhusa mbili: ya wazee wa ngambi, yaani baraza la kaya, na ya Makumbusho. Ya wazee ndiyo ya kutangulia. Ukifika na barua ya serikali mkononi kabla hujabisha hodi, umeshawaambia wazee kwamba uamuzi umefanyika bila wao, na hilo hawatalisahau.

Kaa nao kikao zaidi ya kimoja na upate majibu ya wazi. Njia zipi zinapitika, na sehemu zipi hazikanyagwi kabisa? Siku zipi hakuna kazi? Mtu huingia kwa mavazi gani? (Kaya Kinondo, kwa mfano, mgeni hufunga kaniki kiunoni.) Nani atafungua kazi kimila, na kinahitajika nini? Akivunja mtu mwiko, faini ni nini na nani atailipa, kijana, mzazi au mradi? Swali hili la mwisho watu hulionea haya, halafu siku tawi linapokatwa kunazuka ugomvi usio na mwenyewe.

Zungumzeni pia kuhusu simu. Kamera ya simu huweka mahali picha ilipopigwa bila mpigaji kujua. Vigango vingi vya Wagiriama (nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wafu) viliibwa na kuuzwa, vikaishia katika makumbusho na nyumba za watu Marekani. Makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30 baada ya miaka mingi, na vingi havijarudi. Kiongozi wa kikosi lazima aelewe kwamba picha moja ya kaburi au ya mahali pa fingo, ikiwekwa mtandaoni na kijana asiye na nia mbaya, inamwonyesha mwizi njia. Kanuni ninayoipendelea ni simu zote kukaa ndani ya mfuko mmoja langoni, isipokuwa ya kiongozi na ya msaidizi, na zao ni za dharura.

Kuna jambo zito zaidi. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa ardhi. Wauaji au wachochezi huwa ni vijana wa ukoo ule ule. Usilikwepe hili katika mafunzo. Kijana atakayeongoza wenzake ajue kwamba mzaha kuhusu mvi za mzee au "macho mekundu ya babu fulani" unakomeshwa pale pale, siku hiyo hiyo, na ukirudiwa unapelekwa kwa wazazi. Na ajue namna bora ya kuuzuia, yaani vijana kukaa na wazee mara kwa mara, kuwabebea maji, kuwasikiliza. Mtu uliyekula naye na kucheka naye ni vigumu kuaminishwa uongo juu yake.

Hatua ya pili: mchague kiongozi kwa kumwona akifanya kazi

Usitegemee barua za maombi wala cheti cha sekondari. Waite wanaotaka, wawe kumi na watano hivi, na uwape asubuhi moja ya kazi ya kawaida: kusafisha njia ya kwenda kwenye kitalu, kuchota maji, kupika uji. Wewe tazama tu. Nani amegundua kwamba mwenzake amekaa kivulini muda mrefu kupita kawaida? Nani anarudisha jembe mahali pake bila kuambiwa? Nani, akipewa neno na mzee, anasubiri mzee amalize? Mwenye sauti kubwa huonekana kiongozi mpaka jua likichomoza vizuri. Ikifika saa nne, jicho lako litakuwa limehamia kwa mwingine.

Wachukue wasichana, tena kwa makusudi. Baadhi ya kaya zina miiko inayohusu wanawake katika sehemu au nyakati fulani, na hiyo inafuatwa jinsi wazee walivyoeleza. Lakini miiko hiyo haimzuii msichana kuongoza kitalu, mpaka au kikosi kizima. Mwaka 1913 mwanamke, Mekatilili wa Menza, aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo wakala kiapo cha kuwapinga Waingereza, na mwaka uliofuata Waingereza wakailipua kaya ile kwa baruti. Hakuna mzee wa Kigiriama utakayemwambia habari hiyo aseme haijui. Itaje kikaoni kwa adabu, kisha pendekeza majina ya wasichana.

Mtindo huu wa viongozi wanaotoka ndani ya jamii yenyewe umejaribiwa kwingine pia. Nchini Marekani, vikosi vya kazi za uhifadhi vya wenyeji asilia vilikuwepo tangu 1933 hadi 1942 chini ya mpango wa serikali. Mwaka 2008 mpango mpya ulianzia Acoma Pueblo, New Mexico, ambako vijana wa kabila hutunza ardhi ya mababu zao wakiongozwa na vijana wenzao.

Hatua ya tatu: msitu kabla ya zana

Wiki ya kwanza panga zikae stoo. Kiongozi mtarajiwa atembee msituni na mzee, polepole, asubuhi baada ya asubuhi. Kazi yake ni kujifunza miti mpaka aweze kumfundisha mtu mwingine: mvule, mbambakofi, mbuyu, na ile ambayo jina lake analijua mzee peke yake, kwa Kigiriama, Kidigo au Kiduruma. Jina la kienyeji liandikwe kwanza, la Kiswahili lifuate kama lipo. Kile ambacho wazee hawataki kiandikwe, kwa mfano matumizi ya dawa fulani, kibaki kichwani.

Somo gumu zaidi hapa ni la mwarobaini. Kila nyumba ya Pwani inao, watu wanajitibu kwao, na kivuli chake kinapendwa. Lakini ni mti uliotoka Asia, ndege na popo wanakula matunda yake na kuangusha mbegu msituni, nao huota kwa wingi na kuibana miche ya asili. Vijana watauliza kwa nini wang'oe dawa. Kiongozi awe na jibu la haki: mwarobaini wa nyumbani ubaki nyumbani, huu ulioingia kaya hauna kazi humu. Awaonyeshe. Achuchumae nao mahali penye miche midogo iliyojaa, awaonyeshe majani yenye meno kama msumeno yaliyopangika pande mbili za kikonyo, halafu awatafutie katikati yake mche mmoja wa mbambakofi unaogombania mwanga. Wakiuona kwa macho yao, mabishano huisha.

Miche midogo hung'olewa kwa mkono baada ya mvua, udongo ukiwa laini, mzizi utoke wote. Mti uliokwisha kukomaa haukatwi na kikosi kwa uamuzi wake, hata ukiwa mwarobaini. Hilo linarudi kwa wazee na kwa Makumbusho, kwa sababu katika kaya mwiko wa kukata mti ndio msingi wa yote, na vijana wakiuona unavunjwa kirahisi watajifunza kitu ambacho hukukusudia.

Hatua ya nne: zana na kazi zenyewe

Zana ni chache: panga, jembe, sururu, reki, tupa ya kunolea, karai, madumu ya maji. Kiongozi ajue kunoa mwenyewe. Panga butu ndilo hukata mguu, kwa sababu mtu huongeza nguvu nalo likateleza. Tupa inasukumwa kuelekea nje, mbali na mwili, upande mmoja kisha wa pili, na panga limebanwa imara juu ya gogo.

Umbali kati ya mfyekaji na mfyekaji ni urefu wa mkono na panga, mara mbili. Wakiwa njiani, panga linabebwa chini, makali yakitazama nje, wala si begani. Anayetaka kumpita mwenzake anayefyeka hupiga kelele na kusubiri ajibiwe. Wenye umri mdogo kabisa hawapewi panga. Wapewe kung'oa, kubeba na kupanda, na mzazi wa kila aliye chini ya miaka 18 awe ametia saini karatasi inayotaja kazi hizo moja moja.

Kusafisha mpaka kunafanyika kabla ya kaskazi kukolea, maana kuanzia Januari hadi Machi majani hukauka na watu huchoma mashamba kujitayarisha kwa masika. Moto unaoingia kaya kwa kawaida hutoka shambani. Kikosi hufyeka ukanda kati ya shamba na msitu na kupara majani mpaka udongo uonekane, na takataka hazirundikwi ukingoni mwa msitu, kwani rundo kavu ni kuni zilizowekwa tayari. Kabla ya kuanza, kiongozi aende kwa kila mwenye shamba la jirani amwombe asichome bila kutoa habari. Mazungumzo hayo huzuia moto kuliko kufyeka. Na kanuni isiyojadiliwa ni hii: moto ukitokea, kikosi cha vijana hakiuzimi. Wanahesabiwa, wanaondoka upande upepo unakotoka, na watu wazima wanaitwa.

Kupanda ni wakati wa masika, na kwa bahati likizo ya Aprili huangukia hapo. Mbegu zitoke kaya ile ile, kwa idhini, kwa kuwa kutoa kitu kaya bila ruhusa ni kosa hata kama ni tunda lililoanguka. Kitalu kiwe nje ya msitu, karibu na maji. Shimo lichimbwe, udongo wa juu uwekwe kando na urudishwe kwanza, kiriba kichanwe na kutolewa chote, mche usimame usawa uliokuwa nao kitaluni. Viriba vihesabiwe jioni: vilivyoingia na vilivyotoka viwe sawa.

Hatua ya tano: usalama, na uwezo wa kusema "tunasimama"

Hapa usiharakishe. Mtu anaweza kuwa mpandaji hodari na bado asifae kuongoza, kwa sababu hawezi kusimamisha kazi anapoona dalili mbaya.

Joto ndilo humpata kila mmoja. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na katika miezi ya kaskazi kazi nzito iishe kabla ya saa tano. Kila mtu aje na maji yake, na kiongozi asisubiri watu waseme wana kiu: asimamishe kazi, wanywe wote mbele yake. Ajue dalili: kichwa kuuma, kichefuchefu, mtu kuwa mkali bila sababu, mikazo ya misuli. Huyo anakaa kivulini, analegezwa nguo, analowanishwa na kupepewa, na ananyweshwa maji yenye chumvi na sukari. Pasipokuwa na pakiti za dukani, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akianza kuchanganyikiwa au kuzirai, asipewe kitu mdomoni, endeleeni kumpoza, na ni hospitali mara moja.

Nyoka wapo: moma hulala tuli kwenye majani makavu, swila wanaotema mate, na katika misitu ya Pwani yupo pia mamba wa kijani juu ya miti. Viatu vilivyofunika mguu ni lazima popote mila haijakataza. Gogo linageuzwa kwa fimbo au jembe, kamwe si kwa vidole. Mtu akiumwa, fanyeni mazoezi ya hatua hizi mpaka ziwe mwilini:

- Wote warudi nyuma. Nyoka asifukuzwe wala kuuawa.
- Aliyeumwa alale, asitembee. Vueni pete, bangili na kiatu kabla uvimbe haujaanza.
- Kiungo kilichoumwa kifungwe na kijiti kisicheze, kama mfupa uliovunjika.
- Hakuna kuchanja, kunyonya, kufunga kamba ya kukaza, wala jiwe la nyoka. Wanakijiji watalileta jiwe kwa nia njema, na kiongozi awe amejifunza kukataa kwa heshima huku safari ikiendelea.
- Mate ya swila yakiingia machoni, osheni kwa maji mengi yanayotiririka, robo saa au zaidi.

Safari yenyewe ipangwe kabla. Mkufunzi na kiongozi wapige simu hospitali za karibu waulize ni ipi ina dawa ya sumu ya nyoka wakati huo, maana si kila kituo huwa nayo. Wawe na namba za madereva wawili, wa gari na wa bodaboda. Pale Watamu kuna kituo cha nyoka cha Bio-Ken, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikifundisha kuhusu kuumwa na nyoka. Walio karibu waombe somo huko. Halafu fanyeni jaribio la kweli: siku moja, bila kutangaza, mkufunzi amwambie kijana mmoja alale na aseme ameumwa. Saa ianze kuhesabiwa. Utaona kama machela ya leso na miti miwili inatengenezeka, kama mtu anajua njia ya gari inakofika, na kama kiongozi amekumbuka wale wengine waliobaki bila mtu.

Kuhesabu watu ni kila mara: langoni, kabla ya kuanza, kila mapumziko, kutoka. Kwa namba, kila mmoja akiita yake kwa sauti.

Hatua ya sita: kumwachia kijana uongozi kidogo kidogo

Mwanzoni anakutazama ukiongoza, na jioni anakueleza kwa nini uliamua ulivyoamua. Kisha aongoze kipande kimoja cha siku, kama kugawa zana au mapumziko. Kisha nusu siku. Kisha siku nzima wewe ukiwa nyuma kabisa ya mstari, umefunga mdomo, isipokuwa mtu atakuwa hatarini. Kunyamaza huku ni kugumu kwa wakufunzi, hasa walimu. Lakini ukimsahihisha mbele ya kikosi, kesho wale vijana watakuangalia wewe kila atakapotoa amri.

Jioni kaeni wawili, chini ya mti, na yeye aanze kusema. Siku imekwendaje? Ni wapi ulihisi umepoteza kikosi? Kesho utabadilisha nini? Baada ya hapo wewe ongeza jambo moja tu. Mazungumzo hayo huwa hivi:

"Leo wale wawili wamekaa sana kwenye maji."

"Ulifanya nini?"

"Niliwaita kwa sauti. Wakaja, lakini wakanuna."

"Uliwauliza kwa nini wamekaa?"

Kimya. Kisha: "Mmoja hakula asubuhi."

Hapo hakuna haja ya kuongeza neno. Kesho yake atauliza mapema nani amekula.

Mfundishe kusahihisha mtu pembeni na kusifia hadharani. Mfundishe pia yale yatakayomkuta kwa hakika: kijana aliyekuja na muguka (aina ya miraa) mfukoni, wawili waliogombana tangu shuleni, mkubwa kwa umri anayekataa kuamrishwa na binti. Yachezeni kama maigizo, mkufunzi awe yule mkaidi. Kwa muguka, msimamo ni mmoja: aliyetafuna hashiki panga siku hiyo, na haaibishwi mbele ya wenzake.

Ulinzi wa watoto haulegezwi. Kiongozi hakai peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, hampeleki mtu nyumbani peke yake kwa pikipiki, hakopi wala kukopesha fedha ndani ya kikosi. Vijana wapewe jina na namba ya mtu mzima aliye nje ya kikosi, bora mama anayeheshimika kijijini, wa kumweleza wakidhulumiwa.

Hatua ya saba: chakula, posho na kumbukumbu

Mahamri na mbaazi au uji mzito saa moja, wali na samaki au maharage mchana. Kikosi kisicholishwa hakidumu wiki. Posho itajwe siku ya kwanza mbele ya wote pamoja na wazazi, na ilipwe siku iliyosemwa.

Daftari moja linatosha: waliohudhuria, kazi iliyofanyika na wapi, miche iliyopandwa kwa jina, ajali hata ndogo, na neno lolote la wazee. Miezi mitatu baada ya kupanda, kiongozi arudi na daftari hilo ahesabu miche iliyo hai. Hesabu hiyo ndiyo ya kupeleka kwa ngambi na kwa wafadhili, kuliko idadi iliyopandwa.

Msimu wa kwanza ukiisha, kiongozi atoe taarifa mwenyewe mbele ya wazee, kwa lugha ya nyumbani, nawe ukae nyuma. Kikao hicho hicho kimtaje msaidizi atakayepanda kuwa kiongozi na kijana atakayechukua nafasi ya msaidizi, na wote wawili wawe wameshaanza kutembea na mzee msituni kabla ya likizo inayofuata.